Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma, Mpira na Wageni Tuvitumie Kulinda Maji Yetu

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, wanangoma, wanamichezo na wapagazi wa kijiji kimoja cha mteremko wa Kilimanjaro



Sisi walimu wa kisomo tumezoea kuja kwenu na chaki na kitabu. Leo tumekuja na jambo la kuzungumza. Tunaomba mtusikilize, kisha mtuulize, kisha mkate shauri wenyewe. Kijiji ni chenu.

Jambo lenyewe ni hili. Dunia inazidi kuwa na joto. Mvua zimepoteza njia. Wakubwa wa mataifa hukutana kila mwaka kulizungumza jambo hilo. Sasa sisi tunauliza: je, kikundi cha ngoma kina kazi gani hapo? Timu ya mpira ina kazi gani? Na mpagazi anayebeba mizigo ya wageni kwenda mlimani, yeye anahusika vipi? Wengi watasema, "Ah, hayo ni mambo ya wataalamu." Sisi tunasema sivyo.

Tena tunasema hivyo kwa sababu mnayo shauri mkononi. Tumeambiwa kwamba timu yenu inataka kukata miti ya bonde la chemchemi. Inataka nguzo za uzio na mbao za jukwaa kabla ligi haijaanza. Vijana wana hoja. Kiwanja hakina uzio, ng'ombe wanaingia, na watazamaji wanakaa juani. Wazee nao wana hoja. Miti ile ikikatwa, chemchemi itakuwaje? Mkutano wa kijiji ndio utakaoamua. Sisi tunataka mkiingia mkutanoni muwe mmelijua jambo hili vizuri.

HALI YA HEWA IMEKUWAJE?

Tuanze na chanzo. Tukichoma makaa ya mawe, petroli, dizeli au misitu, hutoka hewa iitwayo hewa ya ukaa. Hewa hiyo hupanda juu na kuizunguka dunia kama blanketi. Ukijifunika blanketi moja unapata joto. Ukijifunika matatu unatoka jasho. Ndivyo dunia ilivyo sasa. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa duniani.

Joto likizidi, mvua hubadilika. Mahali pengine hukosekana, mahali pengine hunyesha kwa kishindo. Sisi Watanzania tumeyaona yote mawili. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, mto Ruvu ukapungua, na watu wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgawo. Masika ya mwaka 2024 mvua zikazidi. Aprili ya mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko. Kwanza kiu, halafu gharika. Haya ndiyo yanayoitwa mabadiliko ya tabianchi, yaani tabia ya hewa ya nchi kugeuka na kuwa nyingine.

Sasa inueni macho mtazame Kibo. Wazee waliopo hapa wanakumbuka ule weupe ulivyokuwa. Watafiti wamepima. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba zipatazo 11. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Ni sawa na mtu aliyekuwa na migomba 100, akaja kubaki na migomba 15. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inaelekea kwisha ifikapo mwaka 2050. Joto si chanzo pekee. Hewa ya juu ya mlima imekuwa kavu, na theluji inayoanguka ni kidogo. Kwa hiyo ile ya zamani inaliwa na mpya haiji.

Lakini hapa, ndugu zetu, pana kosa ambalo watu wengi wanalo. Wanadhani maji yetu yanatoka kwenye barafu. Wanasema barafu ikiisha maji yamekwisha, basi hatuna la kufanya. Si kweli. Waliochunguza mito ya mlima huu wamekuta kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji inatoka msituni. Msitu ndio unaopata mvua nyingi. Tena miti ile yenye ndevu za kijani hukamata ukungu. Ukungu unakuwa matone, matone yanadondoka, ardhi inayanywa, na baadaye chemchemi inayatoa taratibu hata wakati wa kiangazi.

Hii ni habari njema na habari mbaya kwa pamoja. Mbaya, kwa sababu msitu nao unaungua na kukatwa. Njema, kwa sababu barafu hatuwezi kuipanda, lakini mti tunaweza.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Sasa tuzungumze habari za utalii. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Tangu hapo wageni hawajakoma. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 UNESCO ikauweka mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu huja kupanda. Kila mgeni anahitaji kiongozi, mpishi na wapagazi. Katika vijiji hivi, ni nyumba ngapi zimeezekwa bati kwa fedha ya mlima? Ni watoto wangapi wamelipiwa shule? Mnajua wenyewe. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mwenyeji atapona kwa muda gani? Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani, katika njia ya wageni. Uliwaka kwa siku nyingi. Mamia ya watu walikwenda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi, na wananchi kutoka vijiji kama hiki. Uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Ni zaidi ya viwanja 10,000 vya mpira. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena.

Moto wa mlimani unapenda kiangazi. Kiangazi kikizidi ukali, majani yanakuwa makavu kama karatasi. Hapo kipande cha sigara, jiko lililoachwa, au mrina asali mwenye mwenge, vyote vinatosha. Kwa hiyo mpagazi wa leo anabeba vitu viwili: mzigo wa mgeni na usalama wa msitu. Kuwasha kuni hifadhini kumekatazwa, na katazo hilo lina maana. Mpishi apikie gesi, ahakikishe imezimwa, ndipo aondoke. Na takataka zilizopanda zishuke. Kumbukeni pia kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na mgeni haruhusiwi kuingia nayo.

Haya ni ya upande wetu. Je, wenye makampuni na mahoteli? Nao wana deni. Novemba 2021, katika mkutano wa Glasgow, mashirika mengi ya utalii duniani yalitoa ahadi kwa maandishi. Yaliahidi kupunguza hewa chafu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mgeni akija kwa ndege kutoka Ulaya, ndege ile inachoma mafuta mengi sana. Hoteli inachemsha maji ya kuoga kwa kuni au kwa umeme. Chakula kinaletwa na magari kutoka mbali wakati ndizi, viazi na maziwa vipo hapa hapa.

Basi ninyi mnaojua kusoma na kuandika mna silaha. Kiteni kikao na kampuni inayowaajiri vijana wenu. Ulizeni, na andikeni majibu. Maji mnachemsha kwa nini: kuni, au jua? Mboga mnanunua wapi? Mnatoa nini kwa kutunza chemchemi mnayoichota? Kuuliza si ugomvi. Mtu aliyeahidi hukumbushwa.

Msidhani mambo haya hayawezekani. Tazameni kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu mwaka 1994. Nyumba za wageni pale hukusanya maji ya mvua kwa mapaa yake, hutumia umeme wa jua, na vyoo vyake havitumii maji. Wavuvi wa vijiji vya karibu walifundishwa kuwa walinzi wa matumbawe. Fedha ya wageni ndiyo inayolinda kisiwa na kuwafundisha watoto wa shule.

Tazameni pia Gazi, huko Kwale, pwani ya Kenya. Kina mama wa Gazi wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko. Mgeni analipa, anatembea juu yake, anaonyeshwa mikoko na ndege. Na hapo hapo wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko. Mpango wao unaitwa Mikoko Pamoja. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuifungia katika tope. Kwa hiyo tangu mwaka 2013 watu wa mbali wanaotaka hewa chafu ipungue huwalipa wanakijiji kwa kazi hiyo ya kutunza. Fedha imeleta maji ya bomba na vifaa vya shule. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Ni wanakijiji kama sisi, hawana pembe.

MPIRA NA MBIO

Sasa vijana wa timu, sogeeni karibu.

Michezo inaumizwa na joto. Septemba 2019, katika mashindano ya riadha ya dunia huko Doha, mbio ndefu za wanawake zilianzishwa usiku wa manane ili kukwepa jua. Hata hivyo joto lilizidi. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, mbio za marathoni zilihamishiwa Sapporo, mji wa kaskazini wenye baridi kidogo. Na ndugu yetu Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alipochukua medali ya dhahabu ya dunia huko Tokyo Septemba 2025, alikimbia katika hewa ya joto na unyevu. Alimshinda wa pili kwa sehemu 3 tu za sekunde iliyogawanywa mara 100! Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Watoto wetu wanaotaka kumfuata Simbu watafanya mazoezi wapi, ikiwa jua la saa 3 asubuhi litakuwa kama la saa 7 mchana?

Wakubwa wa michezo wamelitambua jambo hili. Desemba 2018, huko Katowice nchini Poland, Umoja wa Mataifa na vyama vya michezo waliandika mapatano ya kutunza hali ya hewa. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa imo. FIFA imo. Na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, waandaaji walikataa kujenga viwanja vipya ovyo. Katika kila viwanja 100, vipatavyo 95 vilikuwa vya zamani au vya muda tu, vya kusimamishwa na kubomolewa. Walijua kwamba saruji na chuma hutoa hewa chafu nyingi viwandani.

Lakini tuseme na ukweli mwingine. Baadhi ya vyama vikubwa huweka saini leo, kesho vikachukua fedha ya matangazo kutoka kwa wachimba mafuta. Huongeza mechi, na timu zinaruka angani toka bara hadi bara. Ngoma hiyo ina midundo miwili, na mchezaji hajui afuate upi. Mwaka 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika liliamua kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 liandaliwe na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Heshima kubwa. Basi wananchi tunayo haki ya kuuliza: viwanja vinajengwa, je, maji ya mvua yatakingwa? Watazamaji watakuja kwa mabasi na treni, au kila mtu na gari lake? Mpira ni wetu, na maswali ni yetu.

Turudi kijijini. Timu ya kijiji inaweza nini? Sisi tunaona mambo manne.

Kwanza, saa ya mechi. Mechi ianze saa 10 jioni, si saa 8. Maji ya kunywa yawepo. Mchezaji akianguka kwa joto, apelekwe kivulini na kumwagiwa maji, asiambiwe ajikaze.

Pili, kiingilio cha miche. Tuseme ligi ina timu 8. Kila timu ilete miche 25. Hiyo ni miche 200. Msihesabu miche iliyopandwa. Hesabuni iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Timu ambayo miche yake imekufa ipande mingine kabla ya kusajiliwa msimu unaofuata. Tunasema hivi kwa sababu mahali pengi tumeona miti ikipandwa kwa ajili ya picha. Mgeni rasmi anashika jembe, watu wanapiga makofi, magari yanaondoka. Baada ya mwezi mmoja mbuzi wamemaliza kazi.

Tatu, mti gani na wapi. Kando ya chemchemi msipande mkaratusi. Unakunywa maji mno. Pandeni mringaringa, msesewe, mkuyu, miti ambayo babu zetu waliiacha ikisimama penye maji. Hawakuwa wajinga.

Nne, hilo la uzio na jukwaa. Hapa tunatoa shauri, siyo amri. Katika vihamba vyenu mna migrevilea mingi ambayo ilipandwa kwa ajili ya nguzo na mbao. Kaya 60 zikitoa nguzo mbili mbili, ni nguzo 120. Badala ya uzio wa miti mikavu, pandeni uzio unaoota. Na badala ya jukwaa la mbao, chongeni ngazi katika ule ukingo wa udongo upande wa juu wa kiwanja, mpande miti ya kivuli nyuma yake. Itachukua miaka mitatu kupata kivuli kizuri. Tunajua ligi haingoji miaka mitatu. Kwa msimu huu turubai litatosha. Lakini bonde la chemchemi likiwa jeupe, halitatosha turubai wala saruji. Maji yakimwagika hayazoleki.

NGOMA NA MILA

Wanangoma, msione tumewasahau. Ninyi tumewaweka mwisho kwa sababu kazi yenu ni kubwa.

Watu hawabadilishi tabia kwa kusomewa tarakimu. Wanabadilika jambo likiingia moyoni. Na la moyoni huingia kwa wimbo, kwa hadithi, kwa mchezo wa kuigiza. Wazee wetu mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo, wakasafisha visima. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Redio ilizungumza, vikundi vikazungumza, watu wakapanda miti. Basi njia ya kazi hii tunaijua. Ilipita kwetu, na baadhi yenu hapa mliipita kwa miguu yenu.

Mila nazo zina sheria zake za kulinda. Huko pwani ya Kenya, Wamijikenda wana misitu yao mitakatifu iitwayo kaya. Wazee wa kaya wamekataza kukata miti na kuingiza mifugo humo. Nje ya kaya mashamba yamekula kila kitu. Ndani ya kaya miti mikubwa bado imesimama. Mwaka 2008 misitu hiyo iliwekwa katika Urithi wa Dunia. Haikulindwa kwa bunduki. Ililindwa kwa heshima.

Huku kwetu tunao mmea wa sale. Mtu akikosa, hushika jani la sale kuomba msamaha. Mpaka wa kihamba huonyeshwa kwa sale. Ni nani asiyejua maana yake? Sasa fikirini: chemchemi ikizungushiwa sale, na wazee wakatamka mbele ya watu wote kwamba huo ni mpaka, je, kijana atapita na panga bila kusita? Na mifongo yetu, ile mifereji ya maji ya asili, ilikuwa na utaratibu: asiyekuja kuzibua mfongo hapati zamu ya maji. Hiyo ni sheria ya kulinda maji iliyotungwa zamani na watu wasiojua kusoma. Sisi tuliosoma tusiiue.

Lakini ngoma nazo zijitazame. Sherehe moja ya harusi inakula kuni kiasi gani? Mbege inachemshwa kutwa nzima juu ya mafiga matatu, moto unatoka pande zote, nusu ya joto inapasha hewa. Kina mama, ninyi ndio mnaobeba kuni hizo mgongoni. Jengeni jiko la udongo lililofungwa, la kukaa sufuria kubwa. Kikundi kikiwa na jiko moja la kukodisha kwa sherehe, kitaokoa kuni na kupata fedha ya ngozi za ngoma.

Na mambo ya kale yaliyojengwa, hayo nayo yako hatarini. Kilwa Kisiwani, mji ule wa kale wa pwani ya kusini, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Bahari ikawa inakula ukingo na kuta. Mwaka 2004 ukatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Kazi ikafanyika, kuta zikatengenezwa, wenyeji wakapanda mikoko kuzuia mawimbi, na mwaka 2014 ukaondolewa katika orodha hiyo. Kuta zilizojengwa kwa mawe na chokaa zimelindwa na mche uliopandwa kwa mkono. Hilo ni somo.

JE, KOSA NI LETU?

Tunajua swali lililo katika vichwa vyenu. Mzee mmoja alituuliza kabla hatujaanza: "Sisi tumechafua nini? Mimi sina gari wala kiwanda. Mbona naambiwa mimi nipande miti?"

Swali hilo ni la haki. Bara zima la Afrika hutoa kiasi cha sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa ya ukaa ya dunia. Nchi zenye viwanda ndizo zilizochafua zaidi, tena kwa miaka mingi. Aliyevunja chungu ndiye mwenye kulipa chungu. Ndiyo maana Novemba 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh huko Misri, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara. Fedha zilizoahidiwa mpaka sasa ni chache kuliko hasara yenyewe. Tuendelee kudai. Mashirika ya utalii yanayowaleta wageni, na vyama vya michezo vinavyokusanya fedha nyingi, navyo tuvidai.

Lakini tofautisheni mambo mawili. Hewa ya ukaa ya dunia, wengi wao walichafua. Chemchemi ya bonde hili, ni ya kwetu. Msitu wa juu ukitunzwa, hata dunia ikizidi joto, tutakuwa na maji ya kuchota. Usipotunzwa, hata matajiri watubu kesho asubuhi, ndoo itarudi tupu. Tunapanda miti siyo kwa sababu kosa ni letu. Tunapanda kwa sababu kiu itakuwa yetu.

Na kiu hiyo haiishii hapa. Maji ya mlima huu hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaingia mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, yakamwagilia mashamba ya watu tusiowajua hata kwa sura. Mti mmoja ukisimama hapa, mtu wa Korogwe anafaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Wapeni wote nafasi ya kusema, na katibu aandike.

1. Tukiwauliza wazee, ni chemchemi ngapi zilikuwa zikitoa maji mwaka mzima walipokuwa vijana? Leo ni ngapi?

2. Vijana wetu wanaofanya kazi mlimani wameona nini kuhusu moto na takataka? Kampuni zao zinafanya nini, na zinakataa kufanya nini?

3. Timu itapata wapi nguzo za uzio bila kugusa bonde la chemchemi? Kila kaya itatoa nini, na lini?

4. Kikundi cha ngoma kitatunga mchezo gani kuhusu maji, na kitauonyesha siku gani ya mechi?

5. Nani atahesabu miche iliyo hai baada ya mwaka mmoja? Andikeni jina lake leo.

Ndugu zetu, mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunacheza kwetu. Mlima ni wetu, ngoma ni zetu, timu ni yetu, na wageni wanakuja kwetu. Tumesema tuliyo nayo. Sasa kalamu iko kwa katibu wenu, na shauri liko kwa mkutano.